Jinsi ya Kupima Mpunga Unaostahimili Kuzama

Kabla hujagusa mbegu, jua mafuriko yako ni ya namna gani. Maji yanayofunika mpunga wiki moja au mbili kisha yakapungua yanahitaji mche unaotulia. Yanayopanda polepole na kukaa miezi yanahitaji mche unaorefuka. Hapa tunapima wa kwanza, ambao tegemeo lake ni jeni ya SUB1A kwenye kromosomu ya 9, iliyotoka kwa FR13A, mpunga wa asili wa Odisha, India.

Hatua ya 1. Otesha aina unayoipima pamoja na mbili za kulinganishia: FR13A iliyo stahimilivu na IR42 iliyo dhaifu. Usiziache. IR42 ikipona, kipimo chako kilikuwa chepesi. FR13A ikifa yote, kilizidi ukali.

Hatua ya 2. Miche ikifikisha siku 14 hadi 21, pima urefu wa kila mmoja, kisha izamishe yote hadi ncha za majani zifunikwe.

Hatua ya 3. Baada ya siku 10 hadi 14 toa maji na upime urefu tena siku hiyohiyo. Mimi naiamini namba hii kuliko rangi ya majani. Ndani ya maji, gesi ya ethilini inayotengenezwa na mche hukosa pa kutokea, ikajaa. Katika mpunga wa kawaida huamsha homoni ya jiberelini: majani yanakimbilia juu, akiba ya wanga inaisha, na maji yakiondoka mche unalala chini. SUB1A nayo huwashwa na ethilini hiyohiyo, ila huongeza protini zinazoizuia jiberelini, na akiba inabaki. Ajabu ni kwamba SNORKEL1 na SNORKEL2, jeni zinazorefusha mpunga wa maji ya kina, ni za familia ileile.

Hatua ya 4. Usihesabu waliokufa bado. Majani yanaweza kuoza yote na mche ukawa hai. Bonyeza shina pale chini kwa vidole. Likiwa gumu, lina matumaini. Likibonyea na kutoa maji, limekwisha. Hesabu baada ya wiki mbili, na miche iliyopona ni ile tu yenye majani mapya.

Hatua ya 5. Thibitisha kwa kupima DNA ya jani. Kuiona SUB1A peke yake hakutoshi, kwani jeni hiyo ina matoleo tofauti, na toleo la SUB1A-2 haliokoi mpunga. Unayoitafuta ni SUB1A-1.

Hatua ya 6. Kuhamishia jeni kwenye mpunga unaopendwa, chavusha kizazi baada ya kizazi na mzazi huyo, ukichagua kwa alama za DNA. Ndivyo ilivyopatikana Swarna-Sub1, iliyoidhinishwa India mwaka 2009.

Kama unapanda mbegu moja kwa moja shambani, fanya kipimo cha pili cha kuoteshea mbegu chini ya maji. Huko SUB1A haitegemewi. Jeni inayosaidia ni OsTPP7, iliyotambuliwa katika Khao Hlan On, mpunga wa Myanmar.