Imani ikiyumba: anza na daftari

Chukua daftari la kurasa 96. Kila shaka ipe ukurasa wake, na uiandike kama swali. "Imani yangu imeisha" haijibiki. "Kwa nini niliambiwa nipande mbegu, yaani nitume sadaka kwa Paybill ya M-Pesa, ili mama apone, na hakupona?" hilo ni swali.

Sasa weka herufi juu ya ukurasa: K kama jambo limo katika Kanuni ya Imani ya Nikea (tamko la msingi la imani ya Kikristo, la mwaka 325, likapanuliwa 381), D kama ni la dhehebu, M kama ni la mchungaji. Swali la mbegu ni M. Kanuni haitaji sadaka hata mara moja. Wengi hukwama hapa: hasira ya M wanaimalizia kwenye K, nyumba inachomwa kwa sababu ya kunguni.

Maswali ya K yanataka mchana na akili iliyopumzika. Ukigundua saa nane usiku, simu mkononi, kwamba hati kongwe za Biblia, Sinaiticus na Vaticanus, zinamalizia Marko kwenye 16:8, kabla Yesu mfufuka hajaonekana na mtu, utaona umefichwa siri. Hujafichwa, Biblia nyingi za kisasa zina tanbihi hapo hapo. Halafu soma 1 Wakorintho 15:3-8, inayowataja waliomwona Yesu mfufuka, katika barua ambayo wataalamu wengi huiweka katikati ya miaka ya 50, kabla ya Marko kuandikwa.

Maombi yakigoma, usijilazimishe kesha. Soma Zaburi 88 kwa sauti, dakika tano zatosha. Inaishia gizani, haina hata haleluya ya kufungia. Kwenye matatu, foleni ya Thika Road ikisimama, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24) inatosha.

Usiyamwage maswali yako kwenye grupu la WhatsApp la ushirika. Kufikia jioni utakuwa unakemewa pepo. Tafuta mtu mmoja, umpelekee ukurasa mmoja: "Mchungaji, leo sijaja kuombewa, nina swali." Akisema shaka ni dhambi, mfungulie Mathayo 11. Yohana Mbatizaji aliuliza akiwa gerezani, na Yesu akamsifu mbele ya umati. Akikataa bado, muage vizuri uende kwa mwingine.

Lakini kama kanisani ulidhulumiwa au kuguswa vibaya, hiyo si shaka, ni jeraha. Usirudi pale kujaribu imani yako, ripoti polisi.

Kila ukurasa andika tarehe. Usiufunge kwa kuamua jibu kabla ya siku 90, wala katika wiki ya matanga.