Mazoea au urithi? Namna ya kupima ustahimilivu wa joto kwa minyoo wa bahari

Minyoo wa spishi moja waliotoka katika bandari mbili, moja yenye maji moto na nyingine yenye maji baridi, wakitofautiana katika kustahimili joto, tofauti hiyo yaweza kuwa mazoea ya mwili au urithi wa jeni. Hapa naeleza namna ya kutenganisha mambo hayo mawili kwa kutumia Ophryotrocha labronica, mnyoo wa milimita chache anayeishi katika bandari za Mediterania na kukamilisha kizazi kwa wiki chache ndani ya bakuli la kioo.

Hatua ya 1: Kukusanya. Ning'iniza ukutani mwa gati kipimajoto kinachojirekodi chenyewe, ikiwezekana kwa mwaka mzima, kwa kuwa wastani huficha zile siku chache za kiangazi ambazo ndizo huua. Kwangua kome, mwani na matope yaliyoganda, kisha uyaache usiku kucha katika sinia la maji ya bahari. Hewa ikipungua, minyoo hutambaa hadi ukingoni, ambapo utawanyonya kwa bomba dogo.

Hatua ya 2: Kuhakiki spishi. Hatua hii hurukwa mno, na kuiruka ni kuharibu kazi yote. Mwaka 1976 wanabiolojia wa bahari Judith na Frederick Grassle walionyesha kwamba mnyoo aliyeitwa Capitella capitata alikuwa mkusanyiko wa spishi kadhaa zinazofanana kwa umbo. Nao Ophryotrocha hufanana vivyo hivyo. Kwa hiyo chunguza taya, kisha soma kipande cha jeni ya COI, takribani herufi 650 za DNA. Jeni hiyo itakuambia mnyoo ni nani, lakini haitakuambia anavyostahimili joto.

Hatua ya 3: Kulea. Walee minyoo wa bandari zote mbili katika joto moja, kwa mfano nyuzi 24 za Selsiasi, ukiwalisha spinachi iliyosagwa na kubadilisha maji kabla hayajachacha. Usiwapime minyoo uliowaokota, wala watoto wao wa kwanza, kwa maana mama huliwekea yai akiba kulingana na mazingira aliyokulia yeye; pima wajukuu. Kila bakuli liwe na lebo ya ukoo wake.

Hatua ya 4: Kupima. Pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya dakika 10 huku ukipuliza hewa majini. Mimi safari ya kwanza nilisahau pampu, nikajaza daftari zima takwimu za minyoo waliokosa oksijeni, si waliozidiwa na joto. Mnyoo mzima akiguswa kwa unywele wa brashi hujipinda na kukimbia. Aliyefika kikomo hulegea na kubaki ubavu. Andika joto hilo, na anayeshika brashi asijue mnyoo katoka bandari gani.

Tofauti ikibaki kwa wajukuu, una sababu nzuri ya kuiita ya kurithi. Ikitoweka, ilikuwa mazoea.

Hatua ya 5: Kusoma jenomu, yaani DNA yote ya mnyoo. Tofauti ikibaki kwa wajukuu, hapo tu ndipo gharama yake inapokuwa na maana. Linganisha maelfu ya sehemu zinazotofautiana kwa herufi moja, ukijihadhari na jambo moja: makundi mawili yaliyotengana muda mrefu hutofautiana katika sehemu nyingi kwa bahati tu. Tafuta jozi nyingine ya bandari, moto na baridi, uone kama sehemu zilezile zinajirudia.