Rozimari hufa kwa maji kuliko kwa kiu

Ukiona rozimari yako imekauka bustanini, usikimbilie ndoo. Fukua kwanza pembeni ya shina, kina cha kiganja, ushike udongo. Mara nyingi utaukuta umelowa, na ukiuvuta mzizi, gamba lake litabambuka mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ubaki na uzi mwembamba wa kahawia. Mmea huo umeoza mizizi, na aliyekuwa akiumwagilia kila jioni alikuwa na nia njema kabisa. Katika vichaka vya bustani vinavyostahimili ukame, sijui kingine kinachouawa na huruma ya mwenyewe kama hiki. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye udongo na maji. Mengine ya rozimari ni mepesi.

Kichaka hiki asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: Hispania, Italia, Ugiriki, Moroko, Algeria, Tunisia. Huko huota chenyewe kwenye miteremko ya mawe na majabali ya pwani, mahali ambapo mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hupita kikavu miezi kadhaa. Chuma jani moja uligeuze, utaona lilivyojiandaa kwa hali hiyo. Ni jembamba kama sindano, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini umejaa manyoya meupe. Vitundu vya kupumulia viko humo chini ya manyoya, upepo mkavu usikovifikia moja kwa moja, kwa hiyo maji yanayopotea ni kidogo.

Mizizi nayo imezoea kokoto, ambamo hewa hupita. Ukiiweka kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, inakosa hewa, inadhoofika, na vimelea vya kuozesha kama Phytophthora vinapata njia. Tatizo ni kwamba juu huoni kitu. Majani ya rozimari ni magumu, hayalegei upesi kama ya mchicha, na yanaweza kubaki ya kijani kwa siku nyingi baada ya mizizi kuharibika. Mtu anakuja kusema mmea umekufa ghafla, kumbe ulianza kufa kitambo.

Basi kabla ya kupanda, pima ardhi yako. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee yote, kisha lijaze tena. Hayo maji ya pili ndiyo ya kutazama. Yakishuka sentimita 3 hadi 5 kwa saa, au zaidi ya hapo, panda bila wasiwasi. Yakilala humo hadi kesho yake, usipande chini. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 kwa udongo wa juu uliochanganywa na mchanga mnene na kokoto ndogo, upande juu yake. Wengi huona njia rahisi ni kuchimba shimo kubwa kwenye mfinyanzi na kulijaza mchanga. Nakusihi usifanye hivyo. Shimo hilo linageuka bakuli: maji ya eneo lote yanakimbilia humo na hayana pa kutokea.

Uchachu wa udongo unaofaa ni pH 6 hadi 7.5. Udongo wenye asili ya chokaa hauisumbui, ila ule mchachu sana urekebishe kwa chokaa ya kilimo baada ya kuupima. Jua ni lazima, la moja kwa moja, saa 6 kwa siku au zaidi. Kivulini rozimari hurefuka ikitafuta mwanga, matawi yanakuwa legelege, harufu inapungua na ukungu unaingia.

Miche ni bora uizalishe kwa vipandikizi. Mbegu huchelewa kuota, nyingi hazioti kabisa, na zinazoota si lazima zifanane na mama. Chagua ncha za matawi zisizo na maua, ambazo chini zimeanza kukomaa lakini juu bado laini. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, pukuta majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga safi wenye unyevu. Weka mahali penye mwanga ila pasipo na jua kali. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 8. Usivute kila siku kuangalia kama imeshika, unaikata ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Subiri uone majani mapya yanachipua juu. Kwa uzio, panda kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Kichaka cha peke yake kipe mita moja, kwa kuwa aina za kusimama hufika mita moja na nusu, hata mbili. Zipo pia aina za kutambaa, nzuri kwa kuta na miteremko. Ukinunua mche ukakuta kibandiko kimeandikwa Rosmarinus officinalis na kingine Salvia rosmarinus, usichanganyikiwe, mmea ni mmoja. Jina la kwanza lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, la pili limeenea tangu 2017 wataalamu walipouhamishia kwenye jenasi (kundi la mimea jamaa) ya Salvia.

Sasa maji. Neno "kustahimili ukame" linawaponza wengi upande wa pili: wanapanda mche leo na kuuacha, wiki ya tatu umekuwa kuni. Mmea hustahimili ukame ukishashusha mizizi, na kazi hiyo huchukua msimu mzima wa kwanza, wakati mwingine mwaka. Katika wiki za mwanzo mwagilia kila baada ya siku 3 au 4, kisha mara moja kwa wiki, kisha uzidi kuachanisha. Kila unapomwagilia, mwagilia hadi maji yazame, halafu acha sentimita 5 za juu zikauke kabisa ndipo urudie. Vijimaji vya kila siku huita mizizi juu, kwenye joto, wakati unataka ishuke. Baada ya mwaka, mmea ulio ardhini unahitaji msaada wako wakati wa kiangazi kirefu tu. Matandazo ya nyasi au mboji yaweke mbali na shina. Mimi napendelea kokoto, hazishiki unyevu shingoni mwa mmea.

Kwenye chungu mambo hubadilika, kwa sababu mizizi haina pa kwenda kutafuta maji. Humo utamwagilia maisha yote ya mmea, lakini kwa kipimo kile kile cha sentimita 5 za juu kukauka kwanza. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko plastiki, kiwe na tundu chini, na kisahani kisiachwe na maji.

Mbolea kidogo mno inatosha: konzi mbili za mboji iliyoiva mara moja kwa mwaka. Samadi nyingi au naitrojeni huleta majani mengi laini, yenye harufu hafifu, ambayo vidukari huyapenda. Vidukari na utitiri mwekundu uwapige kwa maji ya nguvu asubuhi, na wakizidi, kwa maji ya sabuni laini. Ubwiri unga, yaani ukungu mweupe juu ya majani, ukitokea, punguza matawi ya katikati upepo upite.

Kupogoa kuna kosa moja lisilosameheka. Tazama tawi: juu lina majani, chini ni mti mtupu wa kahawia. Ukikata sehemu yenye majani, litachipua. Ukikata kwenye mti mtupu, kwa kawaida halichipui tena, unabaki na kisiki. Kwa hiyo pogoa mapema na kidogo kidogo, kila mwaka baada ya maua kuisha, usizidi theluthi moja ya kichaka. Maua hayo ya samawati yaachie nyuki kwanza, wanayategemea. Kama kwenu kuna baridi ya kugandisha, acha kupogoa wiki kadhaa kabla haijaanza, maana machipukizi mapya ndiyo huungua mwanzo. Aina nyingi hudhurika joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, na mmea uliolowa mizizi huumia mapema zaidi.

Kichaka kilichoachwa miaka mingi bila kupogolewa, kikawa mifupa chini na kofia ya majani juu, hakirudishwi kwa panga. Chukua vipandikizi kutoka kwenye kofia hiyo, uvioteshee mizizi, na vikishashika ndipo ung'oe cha zamani. Vipya visipande pale pale kama ulikuta mizizi imeoza.