Uchungu Ukisuasua: Kojoa, Tembea, Kisha Tuzungumze Dripu

"Musawo (mhudumu wa afya), niongezee uchungu." Mimi mkunga hapa Busia nasikia ombi hilo karibu kila zamu, na mama mwenyewe mara nyingi mlango wa kizazi bado umefunguka sentimita tatu. Kabla ya tano, mama, uchungu haujakolea. Mimba ya kwanza hukaa hapo saa nyingi bila kasoro. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema kutofunguka sentimita moja kila saa si sababu tosha ya kuharakisha. Sisi tuliofundishwa kanuni ya zamani tulichelewa kuiacha.

Anza na kibofu. Kikijaa humzuia mtoto kushuka, kwa hiyo nenda ukojoe kila saa mbili hata usipobanwa. Halafu usilale chali. Tembea varandani, uchungu ukija egemea ukuta, inama kidogo, zungusha kiuno taratibu, na dada au mama mkwe akukande mgongo kwa kiganja. Ukichoka, lala ubavu. Kunywa uji au chai ya sukari, maana kizazi nacho ni msuli, kinahitaji nguvu.

Kuna kichupa ambacho wengine huja nacho kimefungwa kwenye leso. Nionyeshe, sitakugombeza. Emmumbwa, ule udongo uliokandwa na mitishamba, naheshimu kwamba bibi zetu waliutumia, lakini baadhi ya majani hayo hukaza kizazi na hayana kipimo. Nikitundika dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, juu yake bila kujua, kizazi kinaweza kupasuka.

Dripu yenyewe si aibu wala si kushindwa. Uchungu ukilegea kweli, huokoa. Ila itundikwe palipo na chumba cha upasuaji karibu, matone yakihesabiwa, mkunga akisikiliza moyo wa mtoto: mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Sindano ya oksitosini ya pajani ni ya baada ya mtoto kutoka, kuzuia damu. Mtu akitaka kukudunga kabla ili usukume haraka, kataa. Misoprostoli nayo usinunue dukani: tembe moja huwa na maikrogramu 200, na dozi ya kuanzisha uchungu ni 25 tu.

Mwenye kovu la upasuaji asijaribu tembe hiyo wala mitishamba. Aende hospitali uchungu unapoanza. Maji ya kijani, damu mbichi, au tumbo lisilolegea kati ya uchungu na uchungu: ita bodaboda sasa hivi, usingoje kupambazuke.