Kazi ndogo ndogo za mtandaoni: jinsi ya kulipwa bila kazi zako kupigwa chini

Wengi wakisikia hizi kazi za kubofya bofya mtandaoni swali la kwanza ni hela ngapi kwa siku, na mi naona hilo lingekuwa swali la pili kabisa. La kwanza ni hili: baada ya wiki kadhaa asilimia yako ya kazi zilizokubaliwa itakuwa imesimama wapi? Maana hiyo asilimia ndo mtaji wenyewe. Ikiwa juu unaona kazi nzuri, ikishuka kazi zinapotea kwenye skrini yako kimya kimya na hakuna mtu atakayekuambia kwa nini.

Kwa mgeni kabisa, tunaongelea taski fupi fupi, yani kuchora boksi kwenye gari lililo kwenye picha, kuandika maneno yaliyo kwenye sauti, kujibu dodoso la watafiti, kutafuta anwani ya kampuni, kusema kama matokeo ya kutafuta kitu mtandaoni yanaendana na kilichotafutwa. Kwenye majukwaa yanayogawa kazi hizi Amazon Mechanical Turk ndo mkongwe, ipo toka 2005, afu kuna Microworkers, Clickworker, Toloka, Prolific na wengine. Sio zote zinapokea watu wa kila nchi, kwa hiyo angalia hilo kabla hujapoteza muda kujaza fomu.

Sasa hesabu, na hapa usiruke. Waajiri wengi wanaweka sharti la asilimia 95 au zaidi. Ukifanya kazi 10 na moja ikakataliwa, uko 90. Kurudi 95 unahitaji nyingine 10 mfululizo zisizo na doa. Zikikataliwa 3 kati ya 20 uko 85, na hapo mpaka ufike 95 unatakiwa upige 40 safi bila hata moja kuharibika, na unazipiga ukiwa umefungiwa kazi nzuri zote, umebaki na zile za senti moja moja. Mwenye kazi 1,000 akikataliwa moja wala hasikii. Ndo maana siku za mwanzo ni za kwenda taratibu, hata kama inauma kuona wenzio wanavuna. Na kuna mtego mwingine, Mechanical Turk inakuhesabia asilimia 100 mpaka utume kazi 100, watu wanajisahau wakidhani mambo safi, ikifika 100 ndo namba ya kweli inatokea.

Kuhusu hela tuambiane ukweli. 2018 kuna watafiti walitoa utafiti wa wafanyakazi 2,676 wa Mechanical Turk, wakakuta mfanyakazi wa katikati anapata kama dola 2 kwa saa, na waliovuka dola 7.25, yani kima cha chini cha mshahara wa saa Marekani, walikuwa asilimia 4 tu. Kilichokuwa kinawala ni muda usiolipwa, kutafuta kazi, kuanza kazi afu kuiacha katikati, kufanya kazi ikakataliwa. Kwa hiyo usiangalie bei ya taski, angalia bei ya saa. Taski ya senti 10 inayokula dakika 5 ni dola 1.20 kwa saa. Taski ya senti 5 inayoisha kwa sekunde 40 ni dola 4.50 kwa saa. Ile ya senti 5 ndo yenye hela, japo kwa macho inaonekana ya kimaskini.

Kabla hujagusa taski yoyote soma maelekezo yote mpaka chini, mpaka mwisho kabisa, kwa sababu masharti yanayowaumiza watu yanakaa chini, mara "usifanye kama ulishafanya dodoso letu lililopita", mara "tumia kompyuta tu, simu hapana". Ukisoma ukaona hujaelewa, iache. Kuirudisha taski hakuhesabiwi kama kukataliwa, iwe Mechanical Turk au Prolific, unapoteza dakika chache basi. Mi naamini kabisa mtu anayejua kuacha kazi anaingiza zaidi ya anayekamata kila kinachopita. Angalia pia sifa za mwajiri, Mechanical Turk kuna Turkopticon ambako wafanyakazi wanawapa waajiri alama, na kwenye majukwaa mengine pitia wanachosema waliofanya kazi yake. Mwajiri anayekataa watu hovyo yupo, tena anachukua data yako na hela hakupi, na huyo hata ufanye kazi nzuri vipi utaumia.

Afu hizi kazi za mafungu, ambapo mwajiri mmoja ameweka taski mia mbili zinazofanana. Hapa ndo watu wanaua akaunti. Unaona rahisi, unapiga zote usiku mmoja, kumbe ulielewa vibaya kitu kimoja kidogo, na kikikataliwa kinakataliwa mara mia mbili. Fanya chache, tano hivi, tulia usubiri zikubaliwe ndo uendelee. Kwenye Mechanical Turk mwajiri anaweza kukaa mpaka siku 30 kabla kazi haijajikubali yenyewe, kwa hiyo kama ni mgeni kwako na muda aliojiwekea ni mrefu, usimwage nguvu zako zote kwake.

Ukishaanza, usilipue. Madodoso yana maswali ya kukupima kama unasoma, utakuta katikati ya maswali ishirini yanayofanana moja limeandikwa "kwenye hili chagua Sikubaliani kabisa". Ukilikosa hilo sababu ya kukukataa wanayo tayari. Wengine wanakuuliza umri mwanzoni na mwaka wa kuzaliwa mwishoni, wanalinganisha. Kujibu safu moja wima toka juu mpaka chini nako kunaonekana, na kumaliza dodoso la dakika 15 kwa dakika 3 ndo usiseme. Kwenye picha na sauti wanachomeka taski ambazo jibu lake wanalo tayari, zimefanana kabisa na nyingine, hutazijua. Dawa ni kuzifanya zote kama zote ni za mtego.

Sauti ina sheria yake. Kuna wanaotaka neno kwa neno pamoja na "aaa" na "mmm" na kigugumizi, kuna wanaotaka yatolewe yote. Ukichanganya hizo mbili kazi ni batili hata kama masikio yako ni mazuri kuliko ya mtu yeyote. Boksi la kwenye picha nalo, wengi wanataka liguse kingo za kitu, sio liache nafasi kubwa pembeni wala likate tairi.

Ushahidi ndo sehemu inayoangusha watu wengi kwenye hizi taski za kutembelea kurasa na kujisajili. Wakisema skrinshoti nzima piga skrini nzima, anwani ya ukurasa ionekane na saa ionekane, usikate kate. Wakitaka linki tatu weka tatu, mbili hazitoshi hata kama ya tatu ilikuwa inafanana. Ile namba ya kukamilisha unayopewa mwisho wa dodoso, kopi na kupesti, usiandike kwa mkono, na angalia nafasi tupu isijichomeke mbele au nyuma. Kabla hujabonyeza kutuma hifadhi kila kitu pembeni, namba, skrinshoti, majibu marefu uliyoandika, maana ukurasa ukigoma huna pa kuanzia. Kama namba haijatokea, usibuni namba (wapo wanaobuni, nashangaa wanategemea nini), muandikie mwajiri, mpe utambulisho wako wa mfanyakazi, muda uliomaliza, na picha ya ukurasa wa mwisho. Mara nyingi chanzo ni brauza inayozuia vidakuzi (cookies) au mtu karifreshi ukurasa katikati.

Kuna vitu vinafunga akaunti moja kwa moja na hapo hata hakuna kujadiliana. Akaunti mbili za mtu mmoja. VPN ya kujifanya uko nchi nyingine. Akaunti ya kununua au kukodi, ambayo siku ya kuthibitisha kitambulisho inamrudia mwenye jina na hela zako anakaa nazo. Na siku hizi kupesti majibu ya akili mnemba kwenye maswali yanayoomba maoni yako mwenyewe, watafiti wanayanusa, mengi yanafanana mpangilio na yamejaa maneno makubwa ambayo mtu aliyekaa na simu yake hawezi kuyaandika. Andika kwa maneno yako hata kama sarufi inayumba.

Ikikataliwa pamoja na yote, usimtukane mtu. Soma sababu, fungua maelekezo tena, jiulize kama ana haki. Ukiona ana haki, piga moyo konde songa mbele. Ukiona hana, andika fupi, kwa lugha ya maelekezo yake, kitu kama hiki: "Habari. Kazi namba hii imekataliwa kwa kukosa ushahidi. Ushahidi niliotuma nimeuambatanisha tena hapa, anwani na saa vinaonekana. Naomba uiangalie upya, asante." Basi, usiongeze stori ya shida zako. Andika mapema, kwa sababu Mechanical Turk inampa mwajiri siku 30 tu za kugeuza uamuzi, zikipita hata akikuonea huruma hawezi. Asipojibu ndo unaenda kwa wasimamizi wa jukwaa na ushahidi ule ule.

Sasa matapeli, hawa wanawinda hasa watu wa kazi hizi. Taski inayotaka nywila ya barua pepe yako, namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, picha ya kitambulisho kwa mwajiri usiyemjua, au uweke programu isiyotoka duka rasmi, kimbia. Za kuandika riviu za uongo pia achana nazo. Na ule mchezo wa WhatsApp na Telegram, unaambiwa ulike video, unalipwa kidogo kweli siku ya kwanza, afu unaambiwa "weka kiasi fulani ufungue taski za kiwango cha juu", mara nyingi kwa sarafu za kidijitali. Marekani tume yao ya biashara, FTC, ilipokea malalamiko kama 20,000 ya utapeli wa aina hii kwa nusu ya kwanza ya 2024 peke yake. Kazi ya kweli haikuombi hela ili ikulipe, hata senti.

Kwenye kutoa hela, jina la akaunti ya kupokelea lifanane herufi kwa herufi na jina la kwenye kitambulisho, na hilo lirekebishe siku unajisajili, sio siku unadai. Angalia kiwango cha chini cha kutoa na makato yake kabla hujaanza kazi, kuna majukwaa ukijumlisha makato unakuta unatakiwa kutoa kwa mkupuo mkubwa ndo ina maana. Ila ile ya kwanza kabisa itoe ikifika tu kiwango cha chini, hata makato yakikuuma, ujue njia inafanya kazi kabla hujarundika mzigo mkubwa humo ndani.