SOMO: Leseni ya umeme wa maji kwa mradi mdogo (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, nimechoka kuulizwa kwenye ujumbe binafsi swali lilelile, kwamba leseni na vibali vya mradi mdogo wa umeme wa maji vinapatikanaje, kwa hiyo jibu naliweka hapa mara moja tu. Somo ni la Tanzania Bara, kwa miradi isiyozidi megawati 10. Mwenye mpango wa kitu kikubwa kama Bwawa la Nyerere atafute wanasheria wake.

Wengi wanaiogopa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, bure. Sheria ya Umeme ya 2008 ilishalegeza upande huo: mradi usiozidi megawati 1 haudaiwi leseni, unasajiliwa tu. Kinachowachelewesha watu ni maji, na huko bado hakuna aliyelegeza kitu.

Hatua ya 1. Sajili kampuni au ushirika, chukua namba ya mlipakodi.

Hatua ya 2. Ardhi. Unataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Barua ya mwenyekiti peke yake ni karatasi tu.

Hatua ya 3. Pima maji na mteremko. Hesabu ya haraka: lita kwa sekunde, mara mita za mteremko (kimo ambacho maji yanashuka, si urefu wa bomba), mara 5 hadi 7 kutegemea ubora wa mitambo, gawa kwa 1,000. Unapata kilowati. Lita 100 kwenye mteremko wa mita 40 ni kilowati 20 hadi 28, basi. Anayekuahidi 60 hapo anakuuzia ndoto.

Hatua ya 4. Kibali cha kutumia maji, kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Hapa nitakaa, maana ndipo kikundi chetu kilipoumia. Nchi ina mabonde tisa na kila moja lina bodi yake, kwa hiyo anza kwa kujua mto wako uko bonde gani. Sisi tulipima Aprili, mto umefura, tukachora kila kitu kwa kipimo hicho, bomba likaagizwa. Mtaalamu wa bonde alipokuja na takwimu za kiangazi, maji tuliyoombea hayakuwepo. Na hata yale yaliyokuwepo si yote ya kwako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuufanya mto uendelee kuishi. Wewe unakuja nyuma ya hao wawili.

Halafu kuna kipande cha mto kati ya banio (kizuizi kinachoelekeza maji kwenye bomba) na pale maji yanaporudi mtoni. Watu wa miradi hupenda kusema "sisi hatumalizi maji, tunayarudisha". Kweli, lakini mnayarudisha wapi? Kwetu Njombe kipande hicho kilikuwa cha mita mia kadhaa tu, na ndani yake kulikuwa na vinyungu (bustani za bondeni) vya mboga, kivuko, na jiwe la kufulia. Mama mmoja alisimama mkutanoni akauliza, "Sasa Oktoba nimwagilie kwa umeme?" Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo:
- Pima Septemba hadi Novemba, ndipo uchore.
- Tembea kipande hicho kwa miguu, andika kila anayechota. Kutana na Jumuiya ya Watumia Maji kabla hujapeleka ombi.
- Usiagize bomba kabla ya kibali. Narudia, USIAGIZE BOMBA.
- Ukihamisha banio baada ya kupewa kibali, rudi bodi. Usihame kimyakimya.

Hatua ya 5. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kupitia NEMC, ofisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ikiandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Banio na nyumba ya mitambo vitaangukia ndani ya mita 60 za mto zinazotajwa na kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira ya 2004, kwa hiyo jambo hilo lielezwe wazi ndani ya ripoti, lisifichwe.

Hatua ya 6. Kama unaiuzia umeme TANESCO, shirika la umeme la taifa: mkataba wa miradi midogo ni wa mfano, upo tayari, huanzi kujadili kifungu kwa kifungu. Gharama ya laini hadi pa kuunganishia ni yako. Wengi husahau kuihesabu.

Hatua ya 7. EWURA. Maombi ni kwa mtandao. Chini ya megawati 1 usajili, juu yake leseni, na ombi la leseni hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukifika hapa na karatasi zote, umemaliza kazi ngumu.

MASWALI

Chuma_Chakavu: Mkuu leseni ni sh ngapi?

Jibu: Mto gani? Kilowati ngapi? Unauza au unatumia mwenyewe? Huenda hata hudaiwi leseni. Soma hatua ya 7.

Mwanaludewa: Mto unapita shambani kwangu, kibali cha nini tena? Huu ni usumbufu tu wa ofisi.

Jibu: Shamba ni lako, maji ni ya umma, Rais ameyashika kama mdhamini. Iko kwenye sheria ya 2009.

Mwanaludewa: Babu yangu alikuwa na kinu cha maji hapo miaka mingi. Unajifanya mjuaji.

Jibu: Haki za kimila kwenye maji zinatambuliwa na sheria hiyohiyo, nenda bonde ukazieleze. Lakini kuelekeza mto mzima kwenye bomba si kusaga mahindi ya babu. Sijatunga sheria mimi.

Dada_Makete: Asante kwa somo kaka. Swali: kama kulegeza leseni kumesaidia, kwa nini wasilegeze na maji? Au walio chini ya mto wataumia?

Jibu: Swali zuri dada, na umeligusa penyewe. Mimi sitaki kibali cha maji kifutwe. Yule mama wa vinyungu hana mlinzi mwingine. Ninachotaka ni upimaji mmoja na mkutano mmoja. Leo bonde linakuja kupima na kuuliza wanakijiji, mtaalamu wa mazingira naye anakuja kupima na kuwauliza walewale, na kila mmoja ana muda wake. Wakae meza moja, takwimu ziwe zilezile, kila ofisi ibaki na sahihi yake.

Marekani walipita njia nyingine. Leseni za shirikisho huko hutolewa kwa miaka 30 hadi 50, na mchakato wake ni mrefu mno. Mwaka 2013 walitunga sheria kwamba mtambo mdogo ukifungwa kwenye bomba au mfereji uliokwishajengwa kwa kazi nyingine, unatoa taarifa tu, ukikidhi masharti hudaiwi leseni. Mwaka 2018 wakapandisha kikomo kutoka megawati 5 hadi 40. Mantiki ni kwamba maji hayo yalishatolewa mtoni, hakuna kipande kipya kinachokauka. Fikiria bomba zetu za maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe bila pampu) kutoka milimani, zenye matangi ya kupunguza presha. Presha inauawa bure pale, badala ya kuzungusha mtambo.

Fundi_Koili: Hapo kwenye matangi umenikumbusha, pampu ya kawaida ikizungushwa kinyume inafanya kazi ya turbaini, na vipuri vyake viko madukani.

Jibu: Kweli kabisa, ila inataka maji yasiyobadilika sana. Kwenye bomba sawa, kwenye mto wa Njombe itakusumbua kiangazi.

Chuma_Chakavu: Bado hujasema bei.

Jibu: Na wewe bado hujasema kilowati.

Dada_Makete: Kaka, mto wetu una mawe mengi, kijiti cha kuelea cha kupimia kasi ya maji kinakwama. Tunapimaje?

Jibu: Tumia chumvi. Pima uzito wake, iyeyushe yote kwenye ndoo, imwage mtoni mara moja, halafu simama mbele kidogo, maji yanakoelekea, na kipima-chumvi cha maji ukiandika namba kila sekunde 5 mpaka irudi ilivyokuwa. Mawe yanasaidia hapo, yanachanganya maji vizuri. Usimwage juu ya kidimbwi kilichotulia, chumvi itabaki humo na hesabu yako itasema mto ni mkubwa kuliko ulivyo. Nitumie namba zako, nitakukokotolea.