Kiwanja cha kiwanda kilichofungwa: namna ya kukikagua na kukirudisha kwenye matumizi

Tanga ni mji uliojengwa na mkonge, reli na bandari, na baada ya Uhuru ukaongezewa viwanda vya umma. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba yakadhoofika, na viwanda vya miaka ya 1970, kikiwamo cha mbolea kilichofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikafuata njia hiyo. Sasa bandari imepanuliwa na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda limeelekezwa Chongoleani, kwa hiyo viwanja vilivyolala vimeanza kutafutwa tena. Mwongozo huu ni wa maofisa wa halmashauri, wawekezaji wadogo na viongozi wa mitaa, katika Tanga na katika mji wowote uliopoteza viwanda vyake. Msimamo wake ni mmoja: matumizi ya kiwanja yachaguliwe baada ya udongo kujulikana, kamwe yasitangulie.

Anza na karatasi kabla ya koleo. Tafuta hati na masharti yake kwa Msajili wa Hati. Kwa kiwanda kilichokuwa shirika la umma na kuuzwa katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990, uliza pia kwa Msajili wa Hazina. Omba michoro ya kiwanda na picha za anga za miaka tofauti, kwa sababu tangi lililong'olewa mwaka fulani bado linaonekana kwenye picha ya miaka ya nyuma. Kisha nenda kwa wazee waliofanya kazi pale. Waulize mambo mahususi: mafuta machafu yalimwagwa wapi, majivu yalirundikwa upande gani, mapipa yalifukiwa wapi, mfereji wa maji machafu uliishia wapi. Fundi aliyeshika zamu kwa miaka mingi anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ambapo mtambo wa kuchimba ungepapita bila kupagusa. Hii ndiyo hatua ya gharama ndogo kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Kila kazi huacha alama yake. Karakana ya reli huacha mafuta, grisi na dawa nyeusi iliyopakwa kwenye mataruma ya mbao. Transfoma za zamani huweza kuwa na mafuta yenye PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, unazitaka nchi wanachama ziisimamie na kuiteketeza kwa usalama ifikapo mwaka 2028. Mapaa mengi ya enzi hizo ni ya asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mahali palipoyeyushwa betri chakavu, tafuta risasi, ile metali nzito yenye sumu. Kiwanda cha mbolea kinahitaji uangalifu wa pekee: fosfeti hugeuzwa kuwa mbolea kwa tindikali ya salfa, na mabaki yake huweza kubeba kadimi, ambayo ni metali yenye sumu, na floridi. Fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo mgodi wake ulianza miaka ya 1980 ili kulisha kiwanda cha Tanga, inajulikana kuwa na urani ya asili, madini yanayotoa mionzi, kwa kiwango cha juu kuliko miamba ya kawaida. Historia hiyo haithibitishi kwamba udongo una madhara, lakini inatosha kuiomba Tume ya Nguvu za Atomi ipime mionzi kabla mtu hajachimba msingi.

Unapotembelea kiwanja, vaa viatu vizito na usivunje kipande chochote cha bati la asbesto. Andika kila palipo na doa jeusi, harufu, majani yaliyodumaa au ardhi iliyodidimia. Angalia pia watu: watoto wanaocheza, bustani za mchicha, kisima cha jirani.

Ndipo sampuli zichukuliwe. Gawa kiwanja katika miraba na uchukue sampuli katika kila mraba, kisha uongeze nyingine pale karatasi na wazee walipokuelekeza. Tenganisha udongo wa juu, yaani sentimita 15 za mwanzo ambazo mikono ya watoto hufikia, na ule wa chini hadi kwenye tabaka la asili. Chukua sampuli chache nje ya eneo ili kujua udongo wa kawaida wa mahali hapo ukoje. Kipimo cha mkononi cha eksirei hutoa picha ya haraka ya metali, lakini sehemu ya sampuli lazima iende maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli za mafuta ziwekwe kwenye chupa za kioo na zisafirishwe katika baridi, na kila mtu anayezishika aandikwe.

Maji ya ardhini ya Tanga yana tabia yake. Sehemu kubwa ya mji na viunga vyake imekaa juu ya mwamba wa chokaa, kama ule uliochongwa na maji kuwa mapango ya Amboni, na katika mwamba wa namna hiyo maji hupita kwenye nyufa kwa kasi isiyotabirika. Visima vitatu vya uchunguzi ndiyo idadi ya chini ya kujua maji yanaelekea wapi. Juu ya chokaa, ongeza vingine na upime baada ya masika na wakati wa kiangazi.

Matokeo yasomwe kwa kulinganisha na viwango vya udongo vilivyowekwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kwa kuuliza nani atakaa hapo. Kwa risasi, kumbuka kwamba viwango vinashuka: Januari 2024 Marekani ilipunguza kiwango cha tahadhari kwa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo ya udongo. Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kando ya nyumba za watu, mahakama iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna fidia inayorudisha akili ya mtoto iliyodhuriwa na risasi.

Madhara yanahitaji chanzo, njia na mtu wa kufikiwa. Ukikata kimoja, hatari inashuka. Udongo mbaya sana uondolewe, lakini kwanza ujue unapelekwa wapi, maana kuuhamishia mtaa mwingine ni kosa la jinai na ni dhambi. Udongo wenye mafuta unaweza kutibiwa palepale kwa kugeuzwa, kumwagiliwa na kuongezewa mbolea ili vijidudu viyale mafuta, na joto la pwani linasaidia. Metali hazioziki, hufunikwa kwa lami, zege au udongo safi wenye kina, juu ya kitambaa cha rangi kinachomwonya mchimbaji wa baadaye.

Fedha ndiyo kikwazo kikubwa, kwa kuwa katika mji ulioshuka gharama ya kusafisha yaweza kuzidi bei ya kiwanja. Usijaribu kusafisha chote kwa mara moja. Kigawe: upande safi uwe maghala au karakana na mapato yake yalipie hatua ya pili, upande mbaya uzungushiwe uzio na kufunikwa. Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1985 kiligeuzwa bustani ya umma bila kubomolewa, na tangi lake la gesi likajazwa maji ya kuzamia. Kabla ya kutumia fedha za umma, mtafute aliyechafua au aliyerithi madeni yake, kwa kuwa sheria inamtaka mchafuzi alipe.

Mwishoni, masharti yaandikwe kwenye hati yenyewe: hakuna kisima, hakuna bustani ya mboga, hakuna kuchimba chini ya kitambaa bila kibali. Nakala ya ramani ya uchafuzi ibaki halmashauri na nyingine katika ofisi ya serikali ya mtaa, na visima vya uchunguzi viendelee kupimwa kila mwaka kwa jina la ofisa anayewajibika.